Shajara ya mradi: mawimbi ya ubongo, kichocheo cha misuli na mkono uliopoozwa na kiharusi

Mradi huu unajenga mfumo unaosoma mawimbi ya ubongo juu ya ngozi ya kichwa, unatambua pale mgonjwa wa kiharusi anapojaribu kufungua mkono uliopooza, kisha unachochea kwa umeme mdogo misuli inayonyoosha vidole. Mkono unafunguka wakati uleule ubongo unapouagiza ufunguke. Uzito wote uko kwenye hayo maneno "wakati uleule". Kuchochea misuli bila kujali ubongo unafanya nini ni mazoezi ya misuli tu. Kuchochea papo hapo mgonjwa anapojaribu ni kuujibu ubongo, na njia za neva zilizosalimika hupata sababu ya kuimarika.

Hoja hii ina ushahidi. Mwaka 2018 kundi la EPFL, chuo kikuu cha teknolojia cha Lausanne, Uswisi, lilichapisha jaribio la wagonjwa 27 waliokaa muda mrefu na kiharusi. Wote walichochewa misuli ya mkono, lakini kwa kundi moja tu kichocheo kiliwashwa na ubongo wa mgonjwa mwenyewe. Kundi hilo lilipanda wastani wa alama 6.6 kwenye kipimo cha Fugl-Meyer cha uwezo wa kusogeza mkono, ambacho kina alama 66. Kundi la pili lilipanda 2.1. Vifaa vilikuwa vilevile na misuli ileile. Kilichotofautiana ni nani anayebonyeza swichi, na lini.

Kazi inafanyika Dar es Salaam, ndiyo maana joto, umeme na nywele vimechukua nafasi kubwa humu kuliko katika miongozo iliyoandikiwa maabara za Ulaya. Hatua zilizokwenda bila tatizo zimeandikwa kwa ufupi. Zilizoharibika zimeelezwa kwa kirefu.

12 Februari 2024: vifaa na bei

Bodi ya Cyton, inayopokea mawimbi ya ubongo, yenye chaneli 8 na chipu ya ADS1299, sampuli (vipimo) 250 kwa sekunde: takriban dola 1,250. Inatumia betri nne za AA na kutuma data kwa redio, kwa hiyo hakuna waya unaounganisha kichwa cha mtu na umeme wa ukutani. Sharti hilo halina mjadala. Anayetaka kupunguza gharama apunguze kwingine.

Vikombe 10 vya elektrodi (vipokezi vya kubandika kichwani) vilivyopakwa dhahabu: dola 110. Krimu ya kubandikia ya Ten20, kopo la gramu 228: dola 25. Jeli ya kusugulia ngozi: dola 20. Usafirishaji: dola 140. Bajeti ya kwanza haikuwa na mstari wa VAT ya asilimia 18, na pengo hilo lilizibwa kwa kuahirisha ununuzi wa skrini ya pili. Kariakoo: Arduino Nano (kompyuta ndogo ya kuendesha vifaa) Sh 25,000, rilei mbili (swichi zinazowashwa kwa umeme), optokapla (kipitisha amri kwa mwanga) na rezista Sh 18,000. Kompyuta ya mkononi ya zamani yenye RAM ya GB 8 inatosha. Programu zote ni za bure: Python, BrainFlow ya kupokelea data, MNE na scikit-learn za uchambuzi.

Elektrodi nane zinakaa FC3, C3, CP3, FC4, C4, CP4, Cz na Pz, majina ya kimataifa ya sehemu za kichwa: namba 3 ni kushoto, 4 ni kulia, z ni mstari wa katikati. Ya rejeo inakwenda kwenye ndewe ya sikio la kushoto, ya ardhi kwenye ndewe ya kulia. C3 iko juu ya eneo la ubongo linaloongoza mkono wa kulia, C4 juu ya lile la mkono wa kushoto. Tunachotafuta ni mdundo wa mu, kati ya Hz 8 na 13, na beta kati ya 13 na 30. Mtu akitulia midundo hiyo ina nguvu. Akijaribu kusogeza mkono, inashuka upande unaohusika.

26 Februari 2024: kelele ya Hz 50, na kilele cha Hz 31 kisichoeleweka

Mchoro wa kwanza ulikuwa Hz 50 tupu, yaani mngurumo wa umeme wa ukutani. Mpangilio uliofaa: chaja ya kompyuta ichomolewe, soketi ya kurefushia iwe mita mbili kutoka kwenye kiti, nyaya zote nane zisukwe pamoja kama mkia mmoja hadi kwenye bodi. Pangaboi lilitoa kelele mbili kwa mpigo, ya umeme na ya upepo unaotikisa nyaya. Kulizima saa saba mchana Dar kunaleta jasho, na jasho lina ubaya wake (tazama Oktoba). Suluhisho la kudumu limekuwa kufanya vikao saa mbili hadi saa nne asubuhi.

Usitegemee kichujio cha Hz 50 kukuokoa. Kelele ikishajaza kikuza mawimbi cha chipu, mawimbi ya ubongo yaliyokuwa chini yake yamepotea na hakuna hesabu ya kuyarudisha.

Kelele ilipopungua kikabaki kilele chembamba kwenye Hz 31, chaneli zote. Tulilaumu taa na redio, hata jenereta ya jirani. Chanzo kilikuwa ndani ya mfumo: bodi hupima ukinzani wa ngozi kwa kupitisha mkondo wa nanoampia 6 unaodunda mara 31.2 kwa sekunde, na programu yetu haikuwa ikiuzima baada ya kupima. Masafa hayo yanagusa ukingo wa beta, kwa hiyo kiainishi (sehemu ya programu inayoamua "anajaribu" au "ametulia") kingejifunza mkondo wetu wenyewe. Sasa programu inatuma amri ya kuzima, inaanzisha bodi upya, kisha inakagua Hz 31 kabla ya kuruhusu kikao. Kumbuka pia kutoa kΩ 2.2 kwenye kila kipimo cha ukinzani, kwa sababu bodi ina rezista ya kiasi hicho kwenye kila mlango.

Jaribio la lazima kila kikao: mtu afumbe macho sekunde 10. Mdundo wa Hz 10 lazima upande kwenye Pz. Hans Berger, daktari wa Ujerumani, aliuchapisha mwaka wa 1929 kwa vifaa duni kuliko vyetu. Usipoonekana, usiendelee.

14 Machi 2024: nywele

Hatua hii imekula muda kuliko programu yote. Kofia za elektrodi zinazouzwa zimetengenezewa nywele nyembamba zinazolala. Juu ya nywele za kipilipili kofia inaelea, na ukinzani ulisoma kΩ 80 hadi 200. Tunataka chini ya kΩ 10. Kukandamiza kofia kwa bandeji kulileta maumivu ya kichwa ndani ya dakika 20 bila kushusha ukinzani vya kutosha.

Marekani, katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Arnelle Etienne na wenzake walionyesha mwaka 2020 kwamba nywele zikisukwa kufuata mistari ya elektrodi, ngozi inabaki wazi panapohitajika. Hapa hilo halihitaji kifaa kipya, linahitaji msusi. Twende kilioni ya kawaida, inayotoka kwenye paji kwenda kisogoni, ina njia zinazopita karibu kabisa na safu ya FC3, C3 na CP3. Kazi ni kuziweka njia hizo mahali sahihi.

Tunavyofanya sasa: pima kwa utepe kutoka mzizi wa pua hadi nundu ya kisogo, weka alama katikati. Pima kutoka kijishimo cha mbele ya sikio moja hadi la pili kupitia utosini, weka alama katikati. Alama zinapokutana ndipo Cz. Ikiwa sikio hadi sikio ni sentimita 36, asilimia 20 yake ni 7.2, C3 iko sentimita 7.2 kushoto kwa Cz na C4 umbali huohuo kulia. Msusi anapasua njia tatu: utosini katikati, kwenye C3 na kwenye C4. Misuko iwe myembamba na isivutwe sana, maana ngozi iliyovutwa inauma ikisuguliwa. Dakika 20 hadi 30, Sh 5,000 kwa kichwa, na msuko mmoja unadumu wiki mbili za vikao.

Makosa ya njiani:

Mafuta. Mafuta ya nazi na yale ya mgando hupandisha ukinzani hata njia ikiwa wazi. Nywele zioshwe kwa shampuu siku moja kabla, bila kupaka chochote baadaye. Agizo hili apewe pia anayemuosha mgonjwa nyumbani, kwa sababu mgonjwa mwenyewe mara nyingi haoshi kwa mkono wake.

Krimu nyingi mno. Kikombe kilichofurika kiliungana na cha jirani, na C3 na CP3 zikaanza kutoa mchoro mmoja. Kiasi sahihi kinajaza kikombe na kuacha kilima kidogo, kama punje ya choroko juu yake.

Kusugua. Mara tatu au nne kwa kijiti cha pamba zinatosha. Ngozi ya mzee huchubuka upesi, na palipochubuka hapabandikwi tena hadi papone.

Stara. Kwa mama anayevaa hijabu, chumba kinafungwa na kazi ya kichwani inafanywa na mwanamke. Baada ya kubandika, tunafunga kitambaa chepesi cha pamba juu ya elektrodi. Hilo lilianza kwa sababu ya heshima, likageuka kuwa njia bora ya kuzuia nyaya zisitikisike, na sasa kila mtu anafungwa kitambaa, wanaume kwa wanawake. Kiwe pamba: mtandio wa nailoni ulizalisha umeme tuli kila kichwa kilipogeuka.

Baada ya hapo ukinzani umekaa kati ya kΩ 4 na 9. Wanaume walionyoa wana kazi ya dakika kumi tu.

18 Aprili 2024: asilimia 92 iliyoyeyuka

Watu wazima sita wenye afya, majaribio 80 kila mmoja, nusu ya kujaribu na nusu ya kutulia. Uchambuzi wa baadaye ulitoa usahihi wa asilimia 92. Tulipounganisha mfumo ufanye kazi papo kwa papo, ukawa kama kurusha shilingi. Makosa yalikuwa matatu, na yote matatu ni ya kawaida kiasi kwamba anayeiga mradi huu aanze kwa kuyatafuta kwake.

La kwanza: tulikata data katika vipande vya sekunde moja vinavyopishana kwa milisekunde 100, kisha tukavigawa kwa bahati nasibu kati ya kufundishia na kupimia. Kipande na pacha wake viliangukia pande mbili, na kiainishi kikafanya mtihani ambao majibu yake kilishayaona. Gawa kwa vipindi vizima. Kipindi cha mwisho kiwe cha kupimia na kisiguswe kabla.

La pili: vichujio vya CSP, vinavyochagua mchanganyiko bora wa chaneli, vilihesabiwa kwa data yote kabla ya kugawa. Vihesabiwe ndani ya sehemu ya kufundishia pekee.

La tatu: kichujio cha masafa tulichotumia hupita data mbele na nyuma ili kisicheleweshe. Kurudi nyuma maana yake ni kutumia sampuli ambazo, papo kwa papo, bado hazijatokea.

Baada ya kusahihisha: wastani wa asilimia 68, wa juu 81, wa chini 54. Kwa majaribio 80 ya chaguo mbili, chochote chini ya 60 hivi kinaweza kuwa bahati tu, kwa hiyo 54 inaandikwa kama kushindwa. Asilimia 68 ya kweli ina faida kuliko 92 ile.

Kosa dogo la nne lilijificha kwenye skrini. Awali tulitumia mshale wa kushoto na wa kulia. Macho yalifuata mshale, na kiainishi kikasoma macho. Sasa kuna alama ya msalaba katikati, inayobadilika rangi bila kuhama na bila kubadilisha mwangaza.

6 Mei 2024: maneno ya maelekezo

Maelekezo yalisema: "Fikiria mkono wako unafunguka." Watu walitii kabisa: walitazama picha ya mkono akilini, kama wanaotazama video. Mdundo wa mu haukushuka, maana kuona mkono si kuuagiza. Tulibadilisha: "Jaribu kufungua vidole, hata visipofunguka." Siku hiyohiyo, kwa watu walewale, kushuka kwa mu kwenye C3 kukawa wazi kwa wanne kati ya sita, kwa maneno ya zamani walikuwa wawili. Kwa mgonjwa "jaribu" ni bora pia kwa sababu ndilo tendo lenyewe tunalotaka lirudi.

"Pumzika" nalo lilituponza. Watu walifumba macho, mdundo wa Hz 10 wa kisogoni ukapanda na kufunika kichwa kizima, na kiainishi kikawa kinatofautisha macho wazi na macho yaliyofumbwa. Sasa tunasema: "Tulia, endelea kutazama alama." Kamera ndogo inathibitisha macho yako wazi, bila kuhifadhi picha.

27 Mei 2024: kutafuta sekunde tatu zilizopotea

Kiainishi kilikuwa sahihi lakini mkono ulichochewa muda mrefu baada ya mtu kuanza kujaribu. Ili kupima bila kukisia tulitengeneza ubongo bandia: Arduino inayotoa mdundo wa Hz 10, ikiendeshwa kwa betri, kupitia rezista ya MΩ 1 na ya Ω 10. Volti 5 zinashuka kuwa mikrovolti 50, ukubwa unaokaribia wa mawimbi halisi. Arduino inazima mdundo ghafla, kana kwamba mtu ameanza kujaribu, kisha inahesabu milisekunde hadi kichocheo kiwake.

Jibu: milisekunde 3,400. Zilikokwenda:

Kichujio cha FIR (aina ya kichujio cha kidijitali) chenye vizidishi 251 huchelewesha nusu ya urefu wake. Nusu ya 250 ni sampuli 125, yaani nusu sekunde kamili kwa kasi yetu. Tuliweka kichujio cha aina nyingine, Butterworth ya daraja la 4, ambayo kati ya Hz 8 na 30 haizidi milisekunde 50.

Uamuzi ulitolewa kila milisekunde 500. Sasa ni kila sampuli 15, yaani milisekunde 60. Ili uamuzi wa haraka usilete papara, kichocheo kinasubiri maamuzi matatu mfululizo yanayokubaliana.

Mlango wa USB ulikuwa ukikusanya data kwa milisekunde 16 kabla ya kuikabidhi. Kwenye Linux mpangilio huo uko kwenye faili la latency_timer la mlango husika, weka 1. Faida ni ndogo kwa wastani, lakini data ilikuja kwa mafungu na sasa inatiririka.

Sekunde mbili kamili zilikuwa ndani ya kichocheo chenyewe, kinachopandisha mkondo polepole ili mtu asishtuke.

24 Juni 2024: kichocheo

Tulianza na mashine ndogo ya kuchochea misuli ya betri ya volti 9, inayouzwa madukani kwa Sh 90,000. Haina mlango wa amri. Wazo lilikuwa kuiacha ikiwaka muda wote na kukata njia ya mkondo kwa rilei. Mambo matatu yaliharibika kwa mfuatano. Rilei ilipokata, mashine ilidhani kibandiko kimebanduka ikarudi sifuri. Tukaelekeza mkondo kwenye rezista ya kΩ 1 ya wati 1 wakati wa kusubiri, na hilo likakubali. Kisha mlio wa rilei, "tak", ukawa ishara: watu walianza kujaribu baada ya kuusikia badala ya kabla. Mwisho, mkondo uliofika wote kwa mara moja ulishtua.

Mashine hiyo imebaki ya mezani, na haijawekwa kwa mgonjwa yeyote. Haifai kuwekwa: ukiingilia njia ya mkondo, ulinzi wa kiwandani hauna maana tena. Kwa wagonjwa tutatumia kichocheo cha kitabibu chenye mlango wa amri, tulichoazimwa na kitengo cha fiziotherapia. Kipya cha aina hiyo ni maelfu ya dola, na ndicho kikwazo kikubwa cha mradi kuenea. Optokapla inatenganisha kompyuta na kichocheo, na mgonjwa anashika kitufe cha kuzima kwa mkono wake mzima.

Mipangilio: mipigo 35 kwa sekunde, upana wa mikrosekunde 250, mkondo kati ya mA 10 na 25, kupanda kwa sekunde 0.3, kuchochea sekunde 4. Jumla ya ucheleweshaji hadi mkondo kuanza: wastani wa milisekunde 640.

Kichocheo kinapowaka, mchoro wa kichwani unaharibika wote. Maamuzi yanasimamishwa wakati wa kuchochea na sekunde moja baadaye, na kumbukumbu ya kichujio inafutwa. Tulipoisahau hatua hiyo ya kufuta, mwangwi wa mkondo uliendelea kuzunguka ndani ya kichujio na mfumo ukajiwasha wenyewe mara saba mfululizo.

5 Agosti 2024: kibali, na nani asiingizwe

Kibali cha maadili kimepatikana baada ya marekebisho mawili. Yote mawili yalihusu fomu ya ridhaa: lazima iseme wazi kwamba mfumo huu hausomi mawazo, na kwamba kuacha katikati hakumpunguzii mtu huduma yake ya kawaida. Tunamsomea mgonjwa fomu kwa sauti mbele ya ndugu anayemchagua mwenyewe.

Hawaingizwi: wenye kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo, wenye kifafa, wajawazito, wenye kidonda au ganzi kamili pale vibandiko vinapokaa, na wenye mkakamao mkubwa kiasi kwamba vidole havinyooki hata vikivutwa taratibu na mtaalamu. Aliyepoteza usemi anaweza kuingia iwapo anafuata maelekezo kwa kuonyeshwa. Anayepuuza upande mmoja wa dunia yake baada ya kiharusi, skrini inahamishiwa upande anaouona.

9 Septemba 2024: vikao vya kwanza

Wagonjwa wanne, wote zaidi ya miezi sita baada ya kiharusi. Lengo ni kuona kama mfumo unavumilika na unafanya kazi. Athari ya tiba haipimwi bado, na hakuna alama za Fugl-Meyer zitakazoandikwa humu kama matokeo. Kikao: maandalizi dakika 30, kupima upya kiainishi dakika 5, majaribio 40 katika mafungu manne, kila fungu likifuatwa na mapumziko.

Kiainishi cha jana hakifai leo. Elektrodi zimesogea milimita chache, usingizi umebadilika, dawa zimebadilika. Kilichosaidia ni kuacha kulinganisha nguvu ya mdundo na namba ya jana, na kuilinganisha na sekunde mbili za utulivu zilizotangulia kila jaribio.

Kizingiti tunakipanga kwa data ya kutulia: kisiwake kimakosa zaidi ya mara moja katika vipindi kumi. Mwanzoni tulikilegeza ili mgonjwa afanikiwe mara nyingi na asikate tamaa. Lilikuwa kosa la huruma. Mkono ukifunguka bila kuagizwa, mgonjwa anapata kilekile alichopata lile kundi la pili la Uswisi.

Kwa mmoja, kifundo cha mkono kilinyanyuka na kupinda kuelekea kidole gumba huku vidole vikibaki vimekunjwa. Kibandiko kilikuwa juu ya misuli ya kifundo. Kukisogeza sentimita 1.5 kuelekea upande wa kidole cha mwisho, na kidogo chini, kulifungua vidole. Halafu mkono ulipogeuzwa kiganja juu, ufunguzi ukapotea tena, kwa sababu ngozi huteleza juu ya misuli. Sasa mkono unalala kwenye mto, kiganja chini, na mahali pa vibandiko panachorwa kwa kalamu na kuombwa pasifutwe hadi kikao kijacho.

21 Oktoba 2024: taya, bega, jasho na adabu

Anayejitahidi sana huuma meno. Misuli ya taya inatoa umeme mkubwa mara nyingi kuliko ubongo, na unaingia hadi kwenye beta. Baada ya jaribio la kufumba macho, elektrodi ya Pz sasa inahamishiwa juu ya sikio, palipo na misuli ya taya. Nguvu kati ya Hz 35 na 45 ikizidi maradufu ya wakati wa kutulia, uamuzi unazuiwa na skrini inaandika "legeza taya".

Bega nalo: mgonjwa asiyeweza kufungua mkono anaegemea na kunyanyua bega, na mfumo ukimzawadia kwa hilo anajifunza kuegemea. Cyton ina kipima mwendo ndani yake. Tuliihamisha bodi kutoka mezani, tukaifunga begani upande uliopooza kwa mkanda. Bega likisogea kabla ya uamuzi, jaribio halihesabiwi. Mtaalamu wa fiziotherapia anakaa upande huo na kuliongoza bega kwa mkono, bila kulikandamiza.

Jasho linaonekana kama mawimbi mapana ya polepole, na baya zaidi linaunganisha vikombe kama krimu iliyofurika. C3 na CP3 zikianza kutoa mchoro mmoja katikati ya kikao, simamisha, kausha, bandika upya.

Kuuliza "Inauma, mzee?" hakuleti jibu la kutegemea. Jibu ni "Sawa tu, mwanangu, endelea," hata mkono unapotetemeka kwa uchovu. Wazee hawa wanatustahi na hawataki kuturudisha nyuma. Badala ya kuuliza tunaangalia: muda wa kuanza kujaribu ukirefuka kwa theluthi, au vidole vikianza kukaza baada ya kuchochewa, kikao kinakwisha bila kumwomba mtu akiri kwamba amechoka. Kwa wawili kati ya wanne, hilo lilitokea karibu na jaribio la 30, kwa hiyo kwao 30 ndiyo idadi kamili sasa.

18 Novemba 2024: hali ilivyo

Gharama hadi sasa: takriban dola 1,850 za vifaa vya nje pamoja na kodi, na Sh 640,000 za hapa, zikiwemo nauli za wagonjwa na ndugu zao, msusi, betri na krimu ya pili. Nauli ndilo fungu kubwa la shilingi. Mgonjwa wa kiharusi hapandi daladala asubuhi bila mtu wa kumshika.

Kwa wagonjwa watatu, ubongo wa upande ulioumia unatoa kushuka kwa mu kunakotumika. Kwa wa nne hakuna kinachoonekana pale, ila upande mzima, ule usioumia, unaonyesha ishara. Kuna kifaa kilichoidhinishwa Marekani mwaka 2021, IpsiHand, kinachotumia upande mzima kwa makusudi, kwa hiyo njia hiyo haijafungwa. Kabla ya kuifuata tutarudia vipimo vyake kwa vikao vitatu, nywele zikiwa zimesukwa upya, tuhakikishe kwamba kimya cha C3 si kikombe kilichokaa vibaya.

Kinachofuata: kuandika hali ya ulinganisho ambamo kichocheo kinawashwa na rekodi ya mgonjwa mwingine, kumfundisha msusi wa pili, na kupima kama betri za AA za kuchaji, zenye volti 1.2 badala ya 1.5, zinafikisha kikao kizima kabla bodi haijaanza kupoteza data.